Mita Tu, Mama

Msoma mita hubisha hodi kwa ncha ya ufunguo, mara tatu, na kabla hajakaribishwa keshasema, "Mita tu, mama." Kofia haivui, maana kazi yake yote ni ya ukutani, juani. Nyumba zote za mtaa anazijua kwa namba, lakini hakuna hata moja anayoijua sebule yake. Mwaka huu shule ilimwita awe mwamuzi wa mashindano ya wanafunzi ya kuchora umeme. Akapita polepole mbele ya michoro, kidole kikifuata nyaya kama kinavyofuata tarakimu, mpaka kikafika kwenye taa moja ya njano. Chini ya taa hiyo familia inakula, na kati ya baba na bibi amekaa yeye, kofia kichwani, tochi kando ya sahani.

"Huyu kakosea," alisema. "Mimi huwa siingii ndani."

"Sasa mzee, tumnyime zawadi kwa kosa la kukukaribisha?" mwalimu akatania.

Msoma mita alisogea mpaka pumzi yake ikagusa karatasi, kisha, taratibu, akavua kofia.