Tangazo la Sukari

Aibu hii niliificha miaka mingi, maana nilijitia mwenyewe, kwa mkono wangu na wino wangu.

Nilikuwa mganga kijana katika zahanati ya Kigombe, miaka ile ya shida, sabuni hakuna, khanga hakuna, na sukari ukiiota unaamka unalamba midomo. Wagonjwa wangu wa kisukari walikuwa saba, nami nikaona niwachoree picha waelewe maradhi yao (nilijiona fundi wa kuchora, samaki wangu tu ndiye aliyefanana na kiatu). Nikataka kubandika tangazo la somo lenyewe, lakini karatasi nilikuwa na moja tu, mgongo wa kalenda kuukuu, na herufi zangu zikawa kubwa mno, nikaona nifupishe, nani asiyejua maana yangu? Nikaandika: SUKARI. ZAHANATI. JUMATANO SAA MBILI.

Jumatano nafika nakuta uwanja umejaa, mabakuli, makopo, vikapu, hata waliotoka Maramba, mbali kule, wapo, na mimi (Mungu anisamehe) nikavimba kichwa nikidhani wamependa elimu. Nikasimama kizingitini na picha zangu kwapani.

"Nimefurahi sana. Sikujua wenye sukari ni wengi hivi!"

Mama mmoja akajibu, "Sie hatuna, baba, ndiyo maana tumekuja."

Nikacheka peke yangu. Nikaeleza kwamba sukari ninayoisema imo kwenye damu, na hapo ndipo nilipoharibu kabisa, sauti ikatoka nyuma, "Kaificha huyo!" wakanisukuma hadi ndani, mwenyekiti wa kijiji akafungua kabati langu mbele ya watu, akatoa pamba, akatoa vichupa vya kupimia mkojo, kimoja akakinusa. Jasho lilinitoka hadi viatuni.

Ndipo Bi Mize, mgonjwa wangu wa mwaka mzima, akajipenyeza akichechemea.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie. Hiyo sukari yangu, imezidi au imepungua?"

"Imezidi, bibi."

Akasema taratibu, "Uliniambia nina ugonjwa wa sukari. Nikajua imeniishia mwilini, kama ilivyoisha madukani. Binti yangu hanywi chai tamu, majirani nao wananichangia, kijiko kijiko, ili nipone."

Nikatazama mguu wake, kile kidonda nilichokuwa nikikifunga kila wiki huku nikishangaa kwa nini hakifungi. Mwaka mzima nimemwandikia dawa, nimemgombeza, wala siku moja sikumuuliza yeye anaelewaje.

Nikakaa chini sakafuni, nikazitandaza picha, nikaanza upya kwa maneno ya nyumbani. Wengine waliondoka wakinisonya, wengi walibaki, na binti yake Bi Mize alilia kimyakimya, nami nilishindwa kumtazama.

Bi Mize alikatwa kidole cha mguu hospitali ya Tanga mjini. Aliishi, akanisamehe, tena akinicheka kila tukikutana. Mimi ndiye sijajisamehe vizuri. Tangu hapo simpi mgonjwa karatasi wala picha nikamwacha aende zake, namwomba kwanza anieleze yeye, kwa maneno yake, anaumwa nini, na akikosea najua aliyekosea ni mimi.