Mguu Uliodekezwa

Fundi Pindo, mshona suruali ambaye hakuwahi kumkabidhi mteja pindo lililokwenda upande, aliteleza bafuni akavunjika mguu wa kulia, ule wa kukanyagia cherehani. Majirani wakamfariji: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ni rahisi kusema, koleo lisipokuwa lako.

Plasta ilipotolewa, mguu ulikuwa umekonda hata soksi haikai. Mkewe akaamua kuudekeza. Akauweka juu ya mto, akamletea kila kitu kitini, na binti yao akafunga mota kwenye cherehani ili baba asihangaike. Ikawa inanguruma, inashona. Fundi aliitazama kama mtu anayeona mchumba wake akiolewa na mwingine. Aliutamani mdundo wa kanyagio mpaka mguu ukawa unacheza usingizini.

"Mbona haupati nguvu?" mke alimuuliza mtaalamu wa mazoezi hospitalini. "Na mimi siuruhusu hata kugusa sakafu!"

"Hapo ndipo penye shida, mama. Ndani ya msuli mna mitokondria, majiko madogo yanayogeuza chakula kuwa nguvu. Msuli ukikaa bure, majiko yanapungua, na yaliyobaki yanafifia. Hata utendaji wa jeni unabadilika: zinazoamuru majiko yatengenezwe zinanyamaza, za kubomoa msuli zinashika zamu. Upe mguu kazi kidogo kidogo, mambo yatageuka."

"Mguu utarudi wote?" fundi aliuliza.

"Sehemu kubwa, baba. Kwa umri wako, siwezi kuahidi wote."

Njia nzima ilimuuma mke kwamba mapenzi yake ndiyo yaliyomkondesha mumewe. Walipofika akaing'oa mota kwa mikono yake, akarudisha mkanda wa zamani. Fundi akachukua suruali yake mwenyewe, akaanza kukanyaga. Pindo halijafika nusu, paja likatetemeka, mguu ukagoma. Machozi yakamlenga.

Zamani angeambiwa, "Basi, pumzika." Mke akavuta kigoda, akavua kandambili, akaweka mguu wake kando ya wa mumewe.

"Utaniharibia mshono, mama watoto."

"Shona wewe, acha maneno. Unadhani ni wewe peke yako uliyeukosa huo mdundo?"

Wakakanyaga pamoja, mara huyu mbele, mara yule. Pindo likatoka limepinda. Fundi aliligeuza, akalitazama sana, akautamani mguu wake wa zamani. Kisha akaivaa suruali bila kulifumua.