Miaka Iliyobaki kwa Kenkina

Baba alipofariki alituachia mama na mimi shamba la kenkina mlimani, nje kidogo ya Butembo. Kenkina ni mti ambao ganda lake hukaushwa na kuuzwa kwa watengenezaji wa dawa ya malaria. Ukikata shina na kuacha kisiki, mti unachipua, na baada ya miaka saba hivi unavuna tena. Ukiung'oa, unapata na ganda la mizizi, lakini mara moja tu.

Mwaka huu baba mkubwa alipanda kutoka Beni, kwenye kakao yake, kuja kutusaidia kuvuna. Alitaka tung'oe yote. Mama hakutaka, ila kumkatalia mkubwa wa ukoo ni kazi nzito.

Kwetu amepanga chumba mwalimu aliyetumwa kutoka mkoa mwingine. Jumapili mchana, tukila fufu, alitusomea katika simu yake kwamba jua linaongeza joto polepole, kwamba mwishowe bahari zitakauka na hakuna mmea utakaobaki duniani.

Baba mkubwa akainua kidole. "Munasikia? Mwalimu mwenyewe anasema dunia itaungua. Donc munachungia nani visiki?"

"Mais Mwalimu, itaungua siku gani?" mama akauliza. "Juu kesho niko na manguo ya kufua."

Wakacheka wote. Mimi nilitaka kuuliza lile lile bila kucheka, lakini mbele ya watu sauti yangu hukwama. Nilingoja mwalimu atoke kunawa mikono, nikamfuata.

"Kama miaka milioni elfu moja," alinijibu. "Andika moja, halafu sufuri tisa."

Nilisoma shule ya msingi tu, na huandika polepole. Niliokota kipande cha mkaa, nikaandika kwenye ubao tunaoanikia maganda. Kwenye sufuri ya sita nilipotea, nikaanza upya. Kisha nikajaribu kugawanya kwa saba, nikashindwa katikati. Hata hivyo nilishaona: mtu angeweza kuvuna, kungoja machipukizi na kuvuna tena, mara nyingi kuliko watu wa Butembo na Beni wote wangeweza kuhesabu. Mwalimu hakudanganya, mwisho upo. Lakini kilichokuwa karibu na shamba letu ni jembe la baba mkubwa.

Kesho yake asubuhi alikuwa ameshang'oa mti mmoja nilipofika. Nikasimama mbele ya wa pili.

"Toka."

"Hapana, baba. Huu hatuung'oi."

"Eh! Leo bubu amesema! Na dunia yenye kuungua?"

"Dunia iko na miaka mingi. Sisi tuko na shamba moja."

Sikutoka. Mama alikuwa nyuma yetu na kikapu. Alikitua, akaja kusimama mbele ya mti wa tatu, mikono kiunoni.

"Batu ya vichwa nguvu," akasema baba mkubwa. "Mukae na visiki vyenu."

Akatupa jembe, akaomba panga. Alikata kwa mshazari, kama inavyopaswa, ili maji yasituame juu ya kisiki na kukiozesha. Mama akaanza kubandua maganda. Mimi nilifukia lile shimo la kwanza, nikachomeka humo mche wa kenkina uliojiotea kando ya shamba, nikaukandamiza udongo kwa kisigino.