Mpiga Tarumbeta Aliyepuliza Dawa

Wodini walimwita Sista Nionyeshe, na jina hilo lilimkaa kuliko alilopewa na wazazi. Muuguzi gani wa siku hizi hupewa jina na wagonjwa? Wa leo hupita kama upepo, akatupa karatasi kitandani, "soma hapo," macho yakarudi kwenye simu. Yeye alivuta kigoda akakaa. Baba yake alikuwa fundi baiskeli ambaye hakumwuliza mwanafunzi "umeelewa?" hata siku moja, alimpa spana, akamtazama. Chuoni binti huyo alipofundishwa nadharia za kujifunza, kwamba mtu mzima hujenga jipya juu ya lile analolijua, alicheka moyoni: kumbe baba alikuwa msomi, hakuambiwa tu.

Asubuhi moja alimkuta mpiga tarumbeta mzee ukingoni mwa kitanda, ameshavaa viatu, mkewe amebeba mfuko wa nguo. Pumu ilikuwa imemlaza mara tatu mwaka ule, na daktari alishasema waziwazi: akibanwa tena kama juzi, huenda asifike hospitali akiwa hai.

"Mzee, hii pampu yako ya pumu unaitumia?"

"Bila kukosa, mwanangu. Wenzako wamenifundisha mpaka wamechoka. Nimeelewa, nikaelewa tena."

"Basi nionyeshe."

"Haya! Sifa zako nilishazisikia."

Akaitikisa pampu, akaibana midomoni, mashavu yakavimba kama puto, akabonyeza na kupuliza kwa nguvu zake zote. Dawa ikaruka hewani.

"Imeniingia mimi!" mkewe akakohoa. "Ndiyo maana yeye anabanwa, mie napumua vizuri!"

Wodi nzima ikaangua kicheko. Sista naye alicheka, kisha akaona ubaya wake. Mwaka mzima mtu huyu alikuwa akiitibu hewa ya chumba, na kila aliyemfundisha aliridhika na "nimeelewa".

"Usipulize, mzee. Vuta."

Akajaribu, akapuliza. Akajaribu tena, yaleyale. Maisha yake yote, kitu kikigusa midomo ile kilipulizwa.

"Mdomo haunisikii," akasema, mzaha umemwisha. "Andika tu kwamba najua, niende zangu."

"Nikiandika hivyo nitakuwa nimekuzika."

Sista akavuta kigoda, akakaa. "Niambie, kabla ya kupiga noti ya kwanza unafanya nini?"

"Navuta pumzi, taratibu, mpaka chini ya kitovu. Asiyejua kuvuta si mpigaji, huyo ni trafiki na filimbi yake."

"Na kiongozi wa bendi akiwa bado ameinua mkono?"

"Naishikilia. Nani athubutu kumtangulia? Tulikuwa na adabu sisi!"

Kweli walikuwa nayo. Sasa bendi zimekufa, harusi zinachezeshwa na kijisanduku kisichohitaji pumzi ya mtu yeyote.

"Leo kiongozi ni mimi," sista akasema, akasimama. "Ukianza kuvuta, bonyeza. Na ole wako upulize mkono haujashuka!"

Akainua mkono. Mzee akatoa pumzi yote, akanyoosha mgongo, akavuta taratibu huku akibonyeza. Mashavu yakabonyea ndani. Hewani hakikuonekana kitu. Mkono ukakaa juu, wodi nzima ikabana pumzi, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akashindwa, akakohoa. Kisha ukashuka.

Mzee akameza mate, akashangaa. "Kumbe dawa yenyewe chungu!"

"Umekutana nayo leo," sista akamwambia.

Hakumwachia hapo. Alimtaka amfundishe mkewe, na mzee akageuka mwalimu mkali: "Mgongo, mama! Hapo unavuta au unanusa?" Halafu sista akamrudishia mzee pampu, akaweka mikono yake mfukoni. "Sasa peke yako, bila kiongozi."

Mzee akavuta, akashikilia, macho yakiwa dirishani, akaachia wakati wake ulipofika.

Sista akaandika ruhusa.

"Nyumbani nani atainua mkono?" mzee akamtania mkewe mlangoni.

"Kwani umewahi kuongozwa na nani mwingine?" mke akajibu, akamtwisha mfuko wa nguo. Kisha akamnyang'anya. "Lete. Wewe kazi yako kupumua."