Mikono Marufuku

Dada yangu Generose alishona nguo miaka kumi na mitano hapa Rugenge bila kujua kwamba cherehani yake ina kelele. Homa ya uti wa mgongo ilimziba masikio akiwa na miaka miwili, nami niliyemfuata nilianza kusema kwa mikono kabla ya kusema kwa mdomo. Ilikuwa lugha ya nyumba yetu tu. Kanisani, sokoni, kwa wateja, mimi Josée ndiye niliyemfasiria.

Mwaka jana kaka yetu aliye Ulaya akamlipia upasuaji wa kumpa usikivu ng'ambo ya mpaka. Kifaa kimoja kiliwekwa ndani ya fuvu, kingine kikashikwa na sumaku nyuma ya sikio. Siku ya kwanza kurudi kazini, alikanyaga cherehani akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Akaifungua yote, skrubu kwa skrubu, akitafuta kilichoharibika. Nilicheka mpaka nikaona anatetemeka.

Tangu hapo hakutulia. Kuku, pikipiki, sufuria, mvua juu ya mabati, vyote vilimwingia kichwani kwa pamoja na neno hata moja halikujitenga. Daktari alikuwa ameeleza kwamba aliyekua bila sauti huhitaji miezi, pengine miaka, na kuna ambao maneno hayawafikii kamwe. Akatuomba tuseme naye sana kwa mdomo. Mama aliondoka na hilo la mwisho tu.

"Josée, weye ndiye unamuharibu," aliniambia. "Mikono iko inamufanya muvivu. Acha!"

Nikaacha, mjinga mimi. Miezi mitano Generose alinionyesha ishara, nami nikageuza uso. Aliketi, akasimama, akatoka uani, akarudi, akaketi tena. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, lakini nani angemwambia Mama? Alikwisha kumwandikisha kutoa ushuhuda wa uponyaji kanisani Jumapili, na ndugu wa Lubarika wakaja na kuku wawili.

Mchungaji akampa mikro ya kusemea. "Sema jina lako, dada."

Spika zikapiga mluzi. Generose akakunja uso, akabandua kifaa, akakiweka mimbarini pamoja na mikro, kisha akainua mikono. Kanisa zima likanigeukia. Mama akanishika sketi.

"Usifasirie," alinong'ona, akinivuta nisiinuke. "Ikala!"

Nikasimama.

"Anasema sauti anazisikia, maneno bado," nikaanza. "Anasema ataendelea kujifunza."

Mikono yake ikaongeza kasi, macho yake kwangu tu. Nikamwomba kwa ishara, hilo tulizungumze nyumbani. Akatikisa kichwa, akalirudia polepole.

"Anasema, wakati hakusikia kitu, alikuwa na dada," nikasema. "Sasa anasikia kuku, anasikia motere ya pikipiki, na dada iko anamugeuzia uso. Huyo dada ni minye, Josée."