Generose na Televisheni ya Waflama

Mtaa mzima wa Mulongwe, mjini Uvira, ulijua kwamba Cyprien, mtoto wa pili wa Generose, amekufa. Alikufa kwa homa huko Bijombo, milimani, akazikwa hukohuko kwa sababu njia ilikuwa ya vita. Mama yake alinyoa nywele, akaketi chini siku saba, na majirani wakaleta unga na kuni. Wadogo zake wawili walilia kweli, maana hata wao hawakuambiwa.

Lakini Cyprien alikuwa hai, yuko Lubarika kwenye tambarare ya Ruzizi, analima mpunga kwa mjomba wake Ndihokubwayo, ambaye alimwita kwa jina jingine. Alikuwa na miaka kumi na saba. Kaka yake Frédéric alichukuliwa na askari walioshika mji, akiwa anatoka shuleni, na hakuonekana tena. Generose aliona kwamba mtoto aliye hai hukamatwa na kupewa bunduki, lakini aliyekufa hatafutwi na mtu. Basi akamuua Cyprien kwa mdomo. Alijua ni dhambi. Hakuungama, kwa kuwa padri naye ni mtu.

Aliishi hivyo mwaka mzima. Alijua nani amepita mlangoni mara mbili kwa siku moja. Wageni walipouliza ana watoto wangapi, alitaja wadogo wawili tu. Jina la yule wa Lubarika halikutoka kinywani mwake hata alipokuwa peke yake jikoni.

Mwaka wa pili wa vita hivyo, mwalimu Térence, aliyekuwa akitafsiri kwa wageni, alikuja kumwambia kwamba kuna Wazungu wawili wanatafuta akina mama walionyang'anywa watoto. Mwanamke aliitwa Lieve. Mwanaume alibeba kamera. Labda, alisema, kuna mkubwa huko Ulaya atakayeona na kuuliza habari za Frédéric. Generose alitaka kujua ni watu wa serikali gani. Térence akaeleza kwamba si wa serikali: wana nyumba yao ndogo ya kutengeneza filamu, kisha televisheni ya taifa ya Waflama, wale Wabelgiji wasiosema Kifaransa, ndiyo inayonunua na kuonyesha. Ni kama mkulima na mwenye duka, alisema.

Neno Waflama lilimtuliza. Marehemu baba yake alikuwa karani kwenye kampuni ya pamba wakati wa Wabelgiji, na alizoea kusimulia kwamba mabwana wakitaka kuficha jambo mbele ya makarani, waliacha Kifaransa wakaingia Kiflama, na hapo hata karani aliyesoma sana alibaki anatazama midomo. Generose alikua akijua kwamba Kiflama ni lugha ya kufichia. Uvira nzima, nani anaisikia?

Hata hivyo aliweka masharti. Uso usionekane, jina lake lisitajwe. Lieve alikubali, na ahadi hiyo aliitimiza. Kuhusu sauti, Térence alisema maneno yote yatawekwa kwa Kiflama, na Generose hakuuliza zaidi. Alijua inavyokuwa kwenye redio: mgeni anaanza kusema, unasikia maneno mawili tu, kisha msomaji anapanda juu yake na kumfunika kabisa.

Walimrekodi kwenye chumba cha parokia, akiwa ameipa kamera mgongo. Alieleza habari za Frédéric, shati lake la shule, mtu aliyemwona akipandishwa gari. Lieve alisikiliza bila haraka. Halafu aliuliza kitu, na Térence akakigeuza: je, ana mtoto mwingine wa kiume mkubwa?

"Iko," Generose akasema. "Cyprien. Watu wote wanajua alikufa, minye ndiye niliwaambia vile. Iko muzima. Iko analima mpunga kwa mjomba yake."

Na alipokwisha kulitaja jina, hakuweza kuacha. Alisema anavyocheka usingizini, anavyokataa sombe, mboga ya majani ya muhogo, isiyotiwa mawese. Térence alisita kabla ya kugeuza, akamuuliza kwa sauti ya chini kama kweli anataka hayo yatoke.

"Sema tu, mwalimu. Si ni Kiflama?"

Filamu ilionyeshwa miezi minne baadaye. Hakuna aliyekuwa amemwambia Generose kwamba Waflama hawafuniki sauti ya mtu. Wanaiacha ilivyo, na maneno yao wanayaandika chini ya picha. Huko Anvers, mji wa Waflama, Sévère, mshonaji aliyekuwa jirani yake Mulongwe kabla ya kukimbia, alikaa mbele ya televisheni bila kusoma hata mstari mmoja. Aliona mgongo wa mwanamke, akasikia Mama Frédéric akisema Kiswahili cha kwao, wazi kabisa, kama yuko chumba cha pili. Alilia kwa furaha. Akawapigia simu ndugu zake Bujumbura, kuwaambia kwamba yule kijana hakufa.

Habari njema huvuka mpaka bila kuonyesha karatasi. Hii ilipita kituo cha mpakani cha Kavimvira pamoja na wauza nguo, ikafika soko la Mulongwe siku ya Alhamisi, ikiletwa na Gloriose, dada yake Sévère, muuza sabuni mwenye kicheko kikubwa.

"Mama Frédéric, weye iko mukali," Gloriose alisema, akimkumbatia juu ya meza ya ndagala, samaki wadogo aliokuwa akiuza. "Ulitukulisha bugali ya matanga bure! Cyprien iko muzima, Sévère alisikia sauti yako mu televizyo."

"Alisikia mutu mwingine. Wangu nilimulilia."

"Sévère asijue sauti yako? Mwenye ulikuwa unamugombeza kila asubui juu ya kelele ya mashini?"

Wanawake wa karibu walicheka. Kisha mmoja akaacha, na wengine wakaacha. Meza ya tatu kutoka hapo, askari aliyekuwa ananunua sigara hakugeuza kichwa. Generose aliona kwamba hakugeuza kichwa, akajua kwamba amesikia.

Alimwachia jirani samaki wake, akisema tumbo linamkata. Alipanda lori lililokwenda Luberizi kuchukua mchele; kwenye kizuizi alisema anakwenda msibani. Kutoka Luberizi alitembea hadi Lubarika. Alimkuta Cyprien ndani ya maji ya mpunga, amekuwa mrefu kuliko mjomba wake. Alicheka alipomwona mama, lakini Generose hakumpa nafasi ya kusalimia.

"Nani alisema?" Cyprien aliuliza, alipokwisha kuelewa.

"Minye."

Jua likiwa bado juu, Ndihokubwayo alimpeleka mtoni Ruzizi avuke kwenda Burundi, ambako nako kulikuwa na vita. Alimkataza dada yake kufuata; watu watatu hutikisa matete zaidi kuliko wawili. Alirudi peke yake, suruali imelowa hadi mapajani. Alisema alimwona akifika katikati ya maji, kisha kona ya matete ikamficha. Baadaye risasi mbili zililia. Hakujua ni za ng'ambo ipi.

Kesho yake askari walifika Lubarika, na siku iliyofuata wakaja kwa Generose, aliyekuwa amerudi Mulongwe. Mkubwa wao alimuuliza kwa upole mtoto yuko wapi. Generose alikuwa na uongo mwingi aliouandaa mwaka mzima, lakini hata mmoja haukufaa.

"Sijui," akasema.

Wakamuuliza mara ya pili, na ya tatu kwa mkanda. Alijibu neno lilelile, na kila alipolirudia alizidi kusikia kwamba ni kweli.