Nafundisha Kiingereza miaka tisa, lakini "consent" nilikuja kuielewa leba

Wakuu, salaam. Naandika haya kama yalivyonikuta, bila chumvi, na aibu yangu nimeiacha humohumo.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza shule ya msingi, huku Buseresere. Consent nimeifundisha sana: kuridhia. Mwanafunzi akiikosea namwandikisha mara kumi.

Mwezi uliopita mke wangu, Mama Kulwa, alishikwa uchungu asubuhi, nikampeleka hospitali. Mapacha wetu wa kwanza aliwazaa kawaida, nikajua na huyu atateleza tu.

Saa nne nesi akatoka mbio na fomu. Mtoto amekaa vibaya, upasuaji sasa hivi.

"Mwalimu, msomee mama aelewe, asaini."

Fomu yenyewe Kiingereza. I consent to the operation. Nikaingia nayo hadi kitandani kwake, nikaisoma kimoyomoyo.

Halafu nikatoa simu nimpigie Baba Mkubwa, yuko Bukombe.

Msinicheke. Kwetu mtu hapasuliwi mkubwa wa ukoo hajasema neno. Hata jino la marehemu baba lilisubiri ruhusa yake.

Hapatikani. Nikapiga tena. Yuko shambani, na network ya huko mpaka upande kichuguu.

Wakimpasua bila neno lake, na likatokea la kutokea, nitaenda kusema nini kule?

"Mwalimu, mapigo ya mtoto yanashuka!"

Nikapiga mara ya tano.

Mama Kulwa, amejikunja kitandani, akaniita.

"Baba Kulwa, hapo pameandikwa nani anakubali?"

"Pameandikwa I. Mimi."

"Mimi nani? Kisu kinamwingia nani?"

Nikainamia fomu tena, mwalimu mzima.

"Lete kalamu."

Akasaini mwenyewe, mwandiko wake wa darasa la saba, herufi kubwakubwa. Wakamsukuma ndani.

Wakuu, niliogopa. Nilikaa kwenye benchi mpaka miguu ikafa ganzi, simu bado mkononi.

Kisha nikasikia kilio. Wa kike! Tumemwita Shija, maana kafuata mapacha. Mama yake mzima.

Baba Mkubwa alipiga saa saba mchana. Nikamweleza.

"Nani karuhusu?"

"Mwenye tumbo, Baba."

Nikajua leo kimenuka.

"Haya. Na wewe muda wote huo ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nakupigia wewe."

Nilichojifunza: maana ya neno nilikuwa nayo miaka yote, mwenye kulitumia ndiye nilikuwa simjui.

Je, kwenu fomu ikija, simu ya kwanza inaenda kwa nani? Semeni, hata wa kunichamba nawapokea.